Bolti Haijilegezi

Mwanafunzi mpendwa, kauli ya kutendeka uliipokea kwa furaha ulipofundishwa, kwa kuwa ni nyepesi. Vunja huwa vunjika, mwaga huwa mwagika, haribu huwa haribika, sahau huwa sahaulika. Kinyarwanda nacho kinayo: kumena huzaa kumeneka, kwangiza huzaa kwangirika, na kwa hiyo hukutoka jasho. Leo nataka kuishitaki kauli hiyo mbele yako. Siishitaki kwa niaba ya sarufi, maana katika sarufi haina kosa. Mti ukiangushwa na upepo usiku, ni haki kusema umeanguka, na chungu kikipasuka jikoni pasipo mtu, kimepasuka. Naishitaki kwa niaba ya raia. Imekuwa maficho ya watu wanaofanya kazi zao ovyo, na sisi wasemaji ndio tunaowafungulia mlango wajifiche.

Ukitaka ushahidi, nenda katika gereji yoyote ya kubadilisha oili upesi upesi, zile ambazo dereva hushuka, husimama kando, na baada ya robo saa hukabidhiwa funguo zake. Hapa Kigali wengi huiita kazi hiyo vidange, kwa neno la Kifaransa. Rudi kesho yake na gari linalovuja, kisha usikilize kwa makini utakachoambiwa. "Bolti imelegea." "Oili imemwagika." "Filta imefunguka." Na mwisho, kwa Kinyarwanda, lile neno linalofunga kila mjadala mjini mwetu: bibaho. Hutokea.

Hebu tuichanganue sentensi ya kwanza kama tunavyofanya darasani. Kiima ni nini? Bolti. Kiarifu ni nini? Imelegea. Mtenda yuko wapi? Hayumo. Yule aliyelala chini ya gari akiwa na spana mkononi, aliyelipwa ili aikaze bolti hiyo, ametoweka katika sentensi yake mwenyewe, na kipande cha chuma kisicho na mikono wala nia ndicho kilichoachwa kizimbani. Nawe, mteja, unakitazama kipande hicho, unatikisa kichwa, unatoa fedha nyingine, unakwenda zako. Ndivyo huduma mbovu inavyodumu. Haidumu kwa sababu mafundi wetu hawana akili. Mafundi wa Kigali wanafufua magari ambayo wenzao huko yalikotoka waliyahesabu kuwa vyuma chakavu. Inadumu kwa sababu haina mwenyewe. Kosa lisilo na mwenyewe halina wa kulisahihisha.

Kwa kuwa baadhi yenu hamjawahi kuona kazi hiyo ikifanywa, nitaieleza, maana anayelalamika juu ya jambo asilolijua hushindwa kwa swali la kwanza. Oili ndiyo inayotenganisha chuma na chuma ndani ya injini. Gari dogo hubeba takriban lita nne. Pikipiki ya abiria, ya aina unayoiona kila kona ya mji huu, hubeba takriban lita moja tu. Fundi hufungua bolti iliyo chini ya injini na kuiacha oili chakavu ichuruzike chomboni. Huirudisha bolti pamoja na washa yake, huondoa filta ya zamani na kufunga mpya, humimina oili mpya ya daraja lililotajwa na mtengenezaji, huiwasha injini kidogo, huizima, kisha hupima kwa kijiti. Kazi imekwisha.

Sasa tazama jinsi kila hatua ilivyo na mlango wa uzembe. Bolti iliyokazwa kwa vidole tu itafunguliwa na mtikisiko wa barabara ya mawe. Iliyokazwa kwa nguvu kupita kiasi huharibiwa nyuzi zake, na haitashika tena sawasawa hata ikipewa fundi bora. Filta ya zamani ikiondolewa bila kuangaliwa, mpira wake huweza kubaki umeganda kwenye injini. Filta mpya ikifungwa juu yake, mipira miwili inabanwa pamoja, na shinikizo likipanda oili hupenya katikati yake na kumwagwa barabarani. Kuna na yule anayemimina oili yoyote iliyo karibu na mkono wake, akakuambia kwamba oili zote ni sawa. (Mwulize kama angekubali kuambiwa kwamba madawa yote ni sawa.) Injini iliyokosa oili na bado inazunguka haihitaji safari ndefu, dakika chache hutosha kwa vyuma kukwaruzana, kupata moto na kushikamana. Hakuna hata moja kati ya ajali hizi inayohitaji bahati mbaya. Kila moja inahitaji mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa akizungumza kwenye simu.

Nina mwanafunzi wa zamani ambaye leo ni miongoni mwa abamotari, yaani madereva wa pikipiki za abiria. Pikipiki yake ni ya mkopo, na kila wiki ana kiasi cha kurejesha. Asubuhi moja alibadilisha oili katika gereji ambayo sitaitaja, akapakia abiria Nyabugogo, akaanza kuupanda mlima wa Muhima kuelekea mjini. Kabla hawajafika juu, injini ilishika na gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Mungu aliwanusuru kwa kuwa walikuwa wakipanda polepole. Wangekuwa wakishuka, ningekuwa naandika habari nyingine. Chini ya injini, mahali pa bolti, palikuwa na tundu. Aliikokota pikipiki hadi gerejini, akajibiwa: "Bolti imedondoka. Wihangane."

Wihangane! Mwanafunzi anayejifunza Kiswahili na ajuaye Kinyarwanda atanielewa upesi hapa. Neno hilo kwa asili ni la kumwomba mtu avumilie, nasi hulitumia pale Mswahili anaposema pole. Humwambia pole mfiwa, mgonjwa, aliyejikwaa, hata anayetoka kazini amechoka. Pole ni neno la mtazamaji mwenye huruma. Anayesema pole hajakiri lolote. Ameshiriki tu katika uchungu wako akiwa upande wa pili wa barabara. Aliyekosa hana haki ya kusimama huko. Neno lake ni samahani, au niwie radhi, na likikosa kufuatwa na kitenzi chenye nafsi ya kwanza, nimesahau, sikukaza, nilifanya haraka, hata hilo ni pambo. Fundi aliyekutia hasara akikuambia pole amejihamisha kutoka kizimbani hadi kwenye kiti cha wageni. Usimruhusu akae.

Yule kijana alidai injini yake itengenezwe. Msimamizi hakufoka. Aliuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Una fagitire?" Hakuwa nayo. Asubuhi ile alikuwa amepunguziwa bei kwa sharti asidai fagitire ya mashine, na yeye, kama wengi wenye deni shingoni, alihesabu faranga zilizobaki mfukoni akaona amepata. Kumbe lile punguzo lilikuwa bei ya ushahidi wake, na aliuuza kwa rahisi. Wiki tatu pikipiki ilisimama. Deni halikusimama.

Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa kuwa umezoea kufikiri kwamba fagitire ya EBM ni jambo kati ya mfanyabiashara na Mamlaka ya Mapato ya Rwanda. Mashine hizo zilianza kutumika mwaka 2013 ili kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ifike inakotakiwa, na tangu 2024 mnunuzi wa mwisho aliyejisajili na kudai fagitire yake hurudishiwa asilimia 10 ya kodi hiyo. Hayo ni mema. Lakini fagitire ina kazi nyingine ambayo hakuna anayeitangaza: ni sentensi yenye mtenda. Inasema nani alimuuzia nani, nini, siku gani, kwa kiasi gani. Ni sentensi ya kauli ya kutenda iliyochapwa na mashine, na ndiyo maana mzembe huichukia kuliko anavyomchukia mkusanya kodi.

Najua utakachonijibu, kwa kuwa nimekwisha kujibiwa hivyo na wakubwa zako. Utasema kwamba sisi Wanyarwanda tumelelewa kutopayuka, kwamba mtu mwenye adabu hapandishi sauti mbele za watu, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Adabu naiheshimu; nimelelewa nayo na ninailea darasani. Lakini methali hiyo imeonewa. Anayesubiri tunda liive anavumilia wakati, kwa kuwa anajua mti unafanya kazi yake. Hakuna popote methali inapomwagiza mtu aliyeuziwa embe bovu alile hadi kokwa, akimshukuru muuzaji. Kuvumilia muda ni fadhila. Kuvumilia uzembe ni kumwachia anayekuja nyuma yako mzigo ambao wewe ulikuwa na nafasi ya kuutua, na anayekuja nyuma yako huenda akawa dereva wa basi la watoto wa shule.

Wala sijasema upige kelele. Mwenye kelele humpa mzembe nafasi ya kujadili tabia yako badala ya bolti yake. Sauti ya chini yenye kitenzi sahihi hutisha zaidi. Ukiambiwa bolti imelegea, uliza: "Nani aliikaza?" Maneno mawili tu. Huhitaji hata kumshutumu mtu, kwa kuwa hukuwepo chini ya gari na pengine hujui. Unarudisha tu katika sentensi ile nafasi iliyofutwa, kisha unanyamaza na kungoja ijazwe. Nimeona wasimamizi wakikosa cha kufanya na mikono yao mbele ya swali hilo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silipuuzi. Anayelala chini ya gari mara nyingi ni mwanagenzi, kijana wa umri wako au mdogo kwako, anayejifunza kwa kuangalia, anayelipwa kidogo au halipwi kabisa, aliyeambiwa amalize magari mengi kabla ya chakula cha mchana. Je, tukimtaja yeye, hatutakuwa tumemwangusha mnyonge ili tujisikie raia? Tutakuwa hivyo, ikiwa tutaishia kwake. Ndiyo sababu swali lako lazima lipande ngazi. Nani aliikaza? Nani alimfundisha? Nani aliikagua kazi kabla funguo hazijatolewa? Nani aliamua kwamba dakika kumi zinatosha? Kauli ya kutendeka haimlindi mwanagenzi, msidanganyike. Mteja akishaondoka, mwenye gereji hukumbuka ghafla kauli ya kutenda, na kijana hukatwa ujira wake. Anayelindwa na "imelegea" ni mwenye biashara, na analindwa dhidi yako peke yako.

Niwapeleke mbali kidogo, Scotland, katika mji wa Paisley, mwaka 1928. Mwanamke aitwaye May Donoghue alikuwa mkahawani, na rafiki yake akamnunulia kinywaji cha tangawizi kilichokuwa katika chupa ya rangi nzito isiyoonyesha ndani. Alikunywa kiasi. Kilichobaki kilipomiminwa, alidai, alitoka konokono aliyeoza, naye akaugua. Bi Donoghue hakuwa tajiri, na hakuwa amenunua kitu: aliyelipa ni rafiki yake, na aliyepokea fedha ni mwenye mkahawa. Mtengenezaji, Stevenson, angeweza kusema kwamba hamjui mwanamke huyo. Kesi ilipanda hadi Baraza la Mabwana la Bunge la Uingereza, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, na mwaka 1932 wengi wa majaji walikubali kwamba mtengenezaji anaweza kudaiwa. Bwana Atkin, mmoja wa majaji hao, alieleza kwamba unapaswa kuchukua tahadhari ili usimdhuru jirani yako, na kwamba jirani katika sheria ni yeyote anayeguswa na tendo lako kwa karibu kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria ulipokuwa ukilitenda.

Hukumu hiyo haitungi sheria ya Rwanda, lakini fikra yake inasafiri bila pasipoti. Abiria aliyepanda pikipiki Nyabugogo hakulipa gereji hata faranga moja. Hakuijua. Hata hivyo alikuwa jirani wa yule aliyeshika spana, na bolti ile ilikuwa ni yake pia. Tena konokono, msisahau, angalau ana uwezo wa kutambaa mwenyewe akaingia chupani. Bolti hana hata uwezo huo. Na ninampa ngeli ya watu kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo gereji zinavyomtendea.

Ujirani huo unashuka hata bondeni. Gatsata, ambako gereji za Kigali zimejulikana kwa miaka mingi, inapakana na bonde la mto Nyabugogo. Nyabugogo huingia Nyabarongo, Nyabarongo huungana na Akanyaru na hatimaye huwa Akagera, na Akagera humwaga maji yake katika ziwa Victoria, ambako Nili huanzia safari. Anayesema "oili imemwagika" juu ya udongo wa Gatsata hajui kwamba anazungumza na wavuvi wa Mwanza na Kisumu.

Sheria yetu nayo haikulala. Rwanda ina sheria ya ushindani wa kibiashara na ulinzi wa mlaji tangu 2012, na mwaka 2017 ilianzishwa kwa sheria mamlaka inayojulikana kwa kifupi RICA, ambayo miongoni mwa kazi zake ni ukaguzi na ulinzi wa mlaji. Mwaka huohuo wa 2017 Bunge letu liliipa lugha unayojifunza hadhi ya lugha rasmi. Nimeuweka mwaka huo pamoja makusudi. Lugha rasmi haiwi rasmi kwa kuimbwa sherehekeani. Inakuwa rasmi siku raia anapoitumia kudai alichokosa. Na tarehe 15 Machi, siku ya haki za walaji duniani, inatokana na ujumbe wa Rais John Kennedy wa Marekani mwaka 1962, alipotaja haki nne: usalama, taarifa, uchaguzi na kusikilizwa. Hiyo ya mwisho inanihusu mimi kama mwalimu. Kusikilizwa ni kauli ya kutendwa, na kutendwa, tofauti na kutendeka, hudai mtenda: mtu fulani analazimika kusikiliza. Hawezi kukusikiliza kama hujasema.

Bodi ya Maendeleo ya Rwanda iliwahi kuendesha kampeni ya huduma bora iliyoitwa Na Yombi, yaani kwa mikono miwili, kama mtu anavyompokea mgeni wa heshima. Jina zuri, na naliunga mkono. Lakini wengi walioliitikia waliishia kwenye tabasamu. Nimepokewa katika gereji kwa viti laini, chai, televisheni na "karibu sana", huku mikono miwili iliyotajwa katika kampeni ikiwa imeshika simu na sigara, mbali na injini. Ningebadilisha tabasamu zote hizo kwa kijana mmoja aliyenuna anayepima oili mara mbili na kuniita niangalie kijiti.

Basi, kabla hujapokea funguo, omba uonyeshwe kijiti. Omba kopo la oili iliyotumika, usome daraja lake na ulilinganishe na kitabu cha gari. Inama utazame chini injini ikiwa inaunguruma. Taa nyekundu yenye umbo la birika la oili ikiwaka ukiwa njiani, zima injini hapohapo; usiseme utafika. Chukua fagitire, hata ukiahidiwa punguzo, hata ukiwa na haraka. Na kosa likitokea, mpe kwanza mwenye gereji nafasi ya kulisahihisha, kwa maandishi, kabla hujapanda ngazi kwenda kwenye mamlaka.

Barua ya namna hiyo wengi wenu hamjawahi kuiandika, kwa kuwa vitabu vyetu vinafundisha barua ya kuomba kazi na ya kumwalika shangazi harusini. Nakuwekea hapa mfano mmoja. Hesabu vitenzi vyake, utafute hata kimoja kilicho katika kauli ya kutendeka, halafu uandike ya kwako na kuileta darasani.

"Kwa Msimamizi wa Gereji,

Tarehe 4 mwezi huu, saa nne asubuhi, fundi wako alibadilisha oili ya gari la mama yangu. Nilimlipa mhasibu wako, naye alinipa fagitire, ambayo nakala yake naiambatanisha. Siku iliyofuata nilikuta oili chini ya gari. Fundi mwingine alilikagua mbele yangu, akaona kwamba aliyefunga filta mpya hakuondoa mpira wa filta ya zamani. Picha tulizopiga ziko pamoja na barua hii. Nilizima injini mapema, na kwa hiyo sidai injini.

Nadai mambo matatu. Unirudishie gharama ya oili niliyoipoteza na ya kulivuta gari. Uniandikie jina la aliyeikagua kazi hiyo kabla hujanipa funguo, au uniandikie kwamba hakuna aliyeikagua. Unieleze utakachofanya ili mteja mwingine asikute alichokikuta mama yangu.

Sikuandiki kwa hasira. Fundi wako ni kijana, na sitaki umkate ujira wake kwa kosa ambalo hukumfundisha kuliepuka.

Nangoja jibu lako la maandishi ndani ya siku saba. Usiponijibu, siku ya nane nitaipeleka barua hii na viambatanisho vyake RICA."